Besi mbili na simu iliyowekwa nyuma ya ukumbi

Jumamosi iliyopita nilishinda Kariakoo na kijana mmoja wa kwaya yetu. Alikuwa ametunza laki tisa kwa miezi kumi na moja ili anunue besi yake mwenyewe, lile gitaa la nyuzi nene na sauti za chini. Tangu aanze kupiga anatumia ile ya kanisa, ambayo kila ibada ikiisha lazima airudishe kabatini na funguo ampelekee mzee wa kanisa. Tulipokutana pale Msimbazi akanifungulia simu anionyeshe alichoandika: besi moja ya nyuzi tano, na chini yake pedali nne, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. "Dada, hizi pedali zitatosha kuanzia?" Nikamwambia tutafute chai kwanza, maana mazungumzo hayo hayafai kusimama njiani.

Niliyomwambia mezani ndiyo ninayoyaandika hapa kwa urefu, kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali hilohilo. Nimepiga besi tangu 2009. Nilianzia kwaya ya vijana Tanga, mpiga besi wetu alipopata kazi Dodoma na gitaa likabaki halina mtu. Siku hizi Ijumaa na Jumamosi nipo na bendi ya harusi na hoteli hapa Dar, Jumapili nipo kanisani. Nimemiliki besi tano, tatu nimeziuza. Pedali nimenunua nyingi kuliko nilizohitaji, na nyingine nilinunua kwa hela ya kodi ya nyumba.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue ni hili: aliyeshika besi ndiye anayeisikia vibaya kuliko watu wote ukumbini. Amesimama hatua moja kutoka kwenye spika, visahani vya dramu vinamlilia sikioni, anasikia kucha zake zikigusa nyuzi, na mbao za gitaa zinamtetemekea tumboni. Vyote hivyo anavihesabu kuwa ni sauti ya besi. Aliyekaa meza ya mwisho havipati hata kimoja. Na sauti za chini zina tabia yake. Uzi wa nne, ule mnene kuliko wote, ukiupiga wazi, ile noti ya E, unatetemeka mara 41 kwa sekunde na wimbi lake lina urefu wa mita nane na zaidi. Wimbi refu namna hiyo likigonga kuta za ukumbi linarudi na kujikuta lenyewe. Ndiyo maana kuna kona besi inajaa mpaka soda zinatetemeka mezani, na ukisogea hatua nne imepotea.

Kwa hiyo nina desturi moja ambayo siiachi. Kabla hatujaanza kupiga ninamwomba mtu aweke simu yangu nyuma kabisa ya ukumbi, inarekodi. Simu haichukui vizuri zile sauti za chini kabisa, na mimi naona huo ndio uzuri wake, kwa sababu noti zikitambulika kwenye simu, na mama wa meza ya mwisho atazitambua.

Desturi hiyo niliipata 2019. Wakati huo nilikuwa na besi ya umbo la Jazz niliyoipenda sana, nyekundu ya damu ya mzee, na nilidhani sitahitaji nyingine maishani. Kaka mmoja wa bendi nyingine akasafiri mwezi mzima akaniachia besi yake ya aina ya Precision nimtunzie. Nikaamua mwezi ule nizipige zote mbili, wiki hii moja na wiki inayofuata nyingine, kwa waya uleule na spika ileile.

Hizi mbili ndizo mama wa karibu besi zote mnazoziona madukani, hata zile zenye majina msiyoyajua. Precision aliitoa Leo Fender, mtengeneza magitaa, mwaka 1951, kule Fullerton, California, na mwaka 1957 akaipa pikapu iliyogawanywa vipande viwili, kimoja cha nyuzi nene na kingine cha nyuzi nyembamba. (Pikapu ni visanduku vya sumaku na waya uliosokotwa, vilivyokaa chini ya nyuzi, ndivyo vinavyosikia.) Jazz ilifuata mwaka 1960, ina pikapu mbili nyembamba, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja pale nyuzi zinapoishia. Shingo nazo zinatofautiana. Ya Jazz, pale juu inapokutana na kichwa, ina upana wa milimita 38 hivi; ya Precision inakaribia 42. Milimita nne ukizisoma hazisemi kitu. Kwa mkono wangu, ambao kidole cha mwisho hakifiki mbali, ni tofauti ya kumaliza harusi mkono ukiwa mzima au ukiwa unauma mpaka kwenye kiwiko.

Chumbani Jazz ilishinda bila ubishi. Ukiipiga peke yake inaimba, ina utamu juu na uzito chini, kila kidole kinasikika. Precision niliiona ya kawaida, kama ugali ulioletwa bila mboga.

Jumatatu baada ya harusi ya pili nikajilaza na hedifoni nikasikiliza zile rekodi kwa zamu. Kwenye nyimbo za taratibu Jazz ilikuwa nzuri kama nilivyotarajia. Tukifika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, magitaa ya solo na rithim yakaingia pamoja, kinanda kikajaza katikati, na besi yangu ikabaki vitu viwili tu: mlio wa vidole huko juu, na kishindo huko chini. Katikati hakuna mtu. Hujui kama nimepiga A au C. Nilirudisha mara tatu nikidhani simu ilifunikwa na kitu. Kisha nikafungua ya Precision. Wimbo uleule, mpiga dramu yuleyule, na noti zinatoka moja moja kama mtu anayezungumza kutoka kifuani bila kupandisha sauti. Haikuwa tamu, lakini ungeweza kuufuata wimbo mzima kwa besi peke yake.

Sababu yake ipo. Ukifungua pikapu zote mbili za Jazz mpaka mwisho, zinausikia uzi mmoja kutoka sehemu mbili, na baadhi ya sauti za katikati zinafutana. Ukiwa peke yako pengo hilo linapendeza. Ndani ya bendi, pengo hilo ndipo magitaa na kinanda wanapokaa. Wazoefu wana dawa yake: punguza kidogo ile ya karibu na shingo, iache ya nyuma iseme. Nikafanya hivyo, na kweli noti zikarudi. Zilirudi na mgeni.

Mgeni huyo ni mvumo wa umeme. Zile pikapu mbili za Jazz zimetengenezwa zipingane, ili zikifunguliwa sawasawa mvumo wa moja uufute wa nyingine. Ukipunguza moja tu, mvumo unatoka. Kwenye kumbi zetu nyingi ethi, ule waya wa umeme wa kwenda ardhini, ni ya mashaka, na taa za mapambo zimeunganishwa palepale ulipochomeka spika. Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinikosesha raha mwezi mzima kabla sijalielewa. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G, freti ya tatu ya uzi wa nne (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), inatetemeka mara 49. Wimbo ukiwa kwenye G, chini ya kidole chako kuna noti ya pili inayolia, iko juu kidogo ya yako, na haikubaliani nayo. Mgeni mwalikwa hawezi kuieleza, lakini atasema bendi haijatyuniwa. Fundi mitambo atakuangalia wewe. Precision haina shida hiyo, kwa sababu vile vipande viwili vya pikapu yake vinafutiana mvumo wakati wote, ufungue volyumu unavyotaka.

Kaka yule aliporudi alikataa kuniuzia. Nilihangaika miezi mitano mpaka nikapata ya mtumba, Squier yenye umbo lilelile. Squier ni jina ambalo Fender wanaliweka kwenye magitaa yao ya bei nafuu. Nilitoa laki sita na nusu. Jazz sikuiuza. Studio ninaichukua hiyo, maana kule unapiga peke yako, fundi anakutengea nafasi, na ule utamu unasikika wote.

Wengi wananiuliza kuhusu besi zenye betri. Ndani yake kuna saketi ndogo ya kukuza sauti, inayokuruhusu kuongeza na kupunguza juu na chini ukiwa palepale kwenye gitaa. Iliyozitangaza ni StingRay ya Music Man, 1976, na Leo Fender alikuwamo humo pia, baada ya kuuza kampuni yake ya kwanza. Ni besi nzuri, zina nguvu, na kwa mtu anayepiga kwa kofi la kidole gumba ningempa hizo bila kufikiri. Lakini nitawaeleza yaliyonikuta. Nilikuwa na moja ya aina hiyo. Harusi ilikuwa Mbezi, bwana na bibi harusi ndiyo wanaingia, watu wamesimama, vigelegele. Sauti ikaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Nikaangalia waya, nikaangalia spika. Kufika katikati ya wimbo ikazama kabisa, na maharusi wakatembea hatua ishirini zilizobaki bila besi. Betri ilikuwa imekufa. Tangu mazoezi ya Jumatano niliiacha jeki ya waya ndani ya gitaa, na kwa besi za namna hiyo jeki ikiwa ndani betri inaliwa, hata kama gitaa limelala kwenye mfuko. Betri ya volti 9 utaipata wapi Mbezi saa mbili usiku? Bibi harusi yule alikuwa binti wa jirani yetu. Mpaka leo nikikutana na mama yake naikumbuka ile njia.

Mkiinunua ya betri, basi chomoeni jeki kila mnapoiweka chini, tembeeni na betri ya akiba, na ikiwezekana chagueni ile yenye swichi ya kuizima saketi ili gitaa lilie lenyewe.

Turudi mezani. Kijana alitaka nyuzi tano na alikuwa na hoja. Mwalimu wa kwaya anashusha nyimbo ili sauti za kina mama zisipate tabu, na mara nyingi tunaangukia kwenye Eb, nusu hatua chini ya uzi wa mwisho wa besi ya nyuzi nne. Mpiga kinanda anashuka, wewe inabidi upande juu, na wimbo unapoteza sakafu. Hoja hiyo ninaikubali. Ila kwa laki tisa, nyuzi tano nilizozishika mimi zina uzi wa tano unaolegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiupiga hutoi noti, unatoa mtikisiko. Uzi huo unatetemeka karibu mara 31 kwa sekunde, na spika za kanisa letu hazifiki huko. Unachosikia ni kivuli chake. Nikamwonyesha njia isiyo na gharama: ushushe uzi wa nne mpaka D. Utajifunza upya vidole vya uzi mmoja, wiki mbili hivi, na Eb yako utakuwa nayo. Ukipata hela ya nyuzi tano iliyotengenezwa vizuri, tutarudi.

Alitafakari chai ikapoa. Kisha akafuta mstari wa kwanza kwenye simu.

Madukani tulishika besi saba. Nina mambo ninayoyaangalia kila mara, na sikuambiwa na muuzaji hata mmoja. La kwanza ni uzito. Besi ikining'inia begani saa nne, nusu kilo ni mzigo. Duka moja lilikuwa jirani na mwuza mchele, nikamwomba mizani. Alishangaa, lakini akatuondolea gunia. Besi moja nyeusi, ambayo kijana alikuwa ameshaanza kuikumbatia, ilisoma kilo 4.6. Nyingine ya bei ileile ilisoma 3.7. Ukiziangalia kwa macho zinafanana.

La pili ni shingo. Fumba jicho moja, itazame kuanzia kichwani kuelekea kwenye daraja kama fundi seremala anavyokagua mbao. Iliyojipinda kama parafujo usiinunue kwa bei yoyote. Iliyoinama kidogo kwenda mbele haina neno, kwa sababu ndani ya shingo kuna chuma kinachokazwa kwa ufunguo wa L. Kipimo changu ni hiki: bana uzi wa nne kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, halafu angalia nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba. Ikitosha unene wa vocha ya kukwangua, iko vizuri. Huku pwani unyevu unabadilika na shingo nayo inabadilika, kwa hiyo jifunze kukaza mwenyewe, robo mzunguko kwa siku, usiwe na haraka.

La tatu wengi hawalijui. Piga uzi wa kwanza, ule mwembamba, freti moja moja kuanzia ya nne mpaka ya nane, polepole, uiache kila noti ife yenyewe. Kwenye besi nyingi kati ya freti ya tano na ya saba kuna noti inayokufa mapema, kama imefunikwa blanketi. Hiyo ni mbao yenyewe inaimeza, haitibiki. Kama inakufa kidogo, vumilia. Kama inakufa papo hapo, rudisha gitaa ukutani. Ile nyeusi ya kilo 4.6 ilikuwa na ugonjwa huo kwenye freti ya sita, na kijana aliusikia mwenyewe bila mimi kumwonyesha. Alinitazama tu.

Kuhusu nyuzi nina neno. Watu wananunua besi ya laki nane na kuipiga na nyuzi zilezile za kiwandani mpaka zimekuwa nyeusi, kisha wanasema besi imechoka. Jasho na upepo wa chumvi vinazila. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Zikifa, wapigaji wa zamani wanazichemsha kwenye sufuria dakika kumi, wanazikausha na kuzirudisha, na kweli zinang'aa tena kwa wiki mbili tatu. Nimefanya hivyo mara nyingi. Ila sauti ya nyuzi zilizozeeka si lazima iwe mbaya. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi sana za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alikuwa na Precision ya 1962 yenye nyuzi laini zilizobapwa, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Hakuwa na pedali. Na hapa kwetu msikilizeni Tom Malanga wa Les Wanyika. Ziwekeni nyimbo zao kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote mlizonazo, ile yenye spika inayokoroma, na bado besi yake mtaifuata tangu mwanzo mpaka mwisho. Hicho ndicho kipimo changu cha meza ya mwisho.

Sasa pedali. Kwenye orodha ya kijana kulikuwa na korasi, ovadraivu, oktava na waa.

Korasi ninaipenda. Inaifanya noti moja iwe kama mbili zinazoogelea pamoja, na kwenye wimbo wa taratibu, ukipanda juu ya freti ya kumi, inatia huruma. Lakini ikigusa noti za chini inazilegeza, na bendi nzima inakosa pa kusimama. Ndiyo sababu Boss CEB-3, iliyotengenezwa kwa besi, ina nobu ya kuzuia korasi isishuke huko chini. Ukitumia ya gitaa la solo, nobu hiyo huna. Ovadraivu ni vivyo hivyo: nyingi za gitaa la solo hupunguza sauti za chini kabla ya kukwaruza, na ukiikanyaga jukwaani besi inaondoka na badala yake unapata nyuki. Tafuteni yenye nobu ya kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, kama Boss ODB-3, na muanze na kidogo sana. Oktava, inayoongeza noti yako ileile huko chini zaidi, ni ya kucheza nayo nyumbani mpaka uwe na spika za kuibeba. Waa, ile inayolifanya gitaa liseme "waa", sijaihitaji hata siku moja katika miaka yangu yote.

Nilimwuliza kijana, katika nyimbo kumi na mbili mnazoimba sasa, ni zipi zinazohitaji korasi? Akahesabu kwa vidole. Moja.

Kama ningerudishiwa hela zangu zote za pedali, ningeanza na tyuna ya kubana kwenye kichwa cha gitaa, ya kupimia kama nyuzi ziko sawa, kisha nikae kimya mpaka nipate boksi la DI zuri. Kifaa hiki hakina wa kukisifia kwa sababu hakibadilishi sauti kwa namna ya kushangaza. Kazi yake ni kuchukua sauti dhaifu ya besi na kuipeleka kwenye mikseri kwa waya wa maiki, mita thelathini ikibidi, bila kuokota kelele. Na nyingi zina swichi ya kutenganisha ethi, ambayo imeniokoa kwenye kumbi ambazo nilikaribia kukataa kupiga. Kuna yenye saketi ya kutengeneza sauti ndani yake, kama SansAmp ya Tech 21 au MXR M80. Hiyo ni besi yako, amplifaya yako na heshima yako kwa fundi mitambo, vyote kwenye mfuko wa pembeni. Mimi ninatumia ya aina hiyo, ya mtumba, na tangu niipate mafundi mitambo hawaniulizi tena kwa nini besi inavuma.

Baada ya hapo kompresa. Hii niliichelewesha kwa sababu sikuisikia inafanya nini. Ukiikanyaga chumbani unaona kama imekupunguzia uhai. Kazi yake ni kuzishusha noti zilizopigwa kwa nguvu zikaribiane na zile za upole, na mtu wa kwanza kuisikia si wewe, ni yule wa nyuma. Nilirekodi wimbo mmoja mara mbili, bila na nayo. Bila kompresa, kila nilipovuka kwenda uzi wa kwanza besi ilijificha, nikirudi uzi wa nne inaruka. Nikiwa nayo ilikuwa mkeka mmoja uliotandikwa. MXR M87 ina mstari wa taa kumi zinazokuonyesha inabana kiasi gani. Mimi ninataka taa mbili tatu ziwake kwenye noti nzito, basi. Ukibana zaidi, mpigaji wa polepole na mpigaji wa nguvu wanakuwa mtu mmoja, na mkono wako, uliouhangaikia miaka, haumo tena. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewasikia vijana wenye mikono mizuri wakijifuta wenyewe kwa kompresa.

Kwa anayeishi chumba cha kupanga, ukuta mmoja na jirani, kuna Zoom B1 Four. Inatumia betri nne ndogo za AA, unachomeka hedifoni, ina midundo ya dramu ndani, na korasi na kompresa na hizo nyingine zote zimo. Hazifikii zile za kujitegemea, lakini kabla hujanunua pedali moja ya laki tatu, hapo utajua unaihitaji au unaitamani.

Na jambo la mwisho kuhusu pedali ni adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9, na hasi iko katikati ya ile pini. Adapta za vinanda mara nyingi ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Pini zinafanana, zinaingia. Jumapili moja umeme uliporudi baada ya kukatika, mtu wa kusaidia vyombo akachomeka iliyokuwa karibu. Nilisikia harufu kabla sijasikia chochote: plastiki tamu, kama sahani ya nailoni iliyoachwa kwenye jiko. Korasi yangu ya kwanza ilikwenda hivyo. Siku hizi adapta yangu ina kitambaa chekundu cha kanga kimefungwa kwenye waya, na hakuna anayeigusa.

Saa tisa na nusu alasiri tulitoka dukani na Yamaha TRBX174, nyuzi nne, kilo 3.7 kwa mizani ya mchele. Ina pikapu ya vipande viwili kama ya Precision karibu na shingo, na nyembamba kama ya Jazz karibu na daraja, na haina betri. Walianza na laki tisa, tukamaliza na laki saba na themanini. Iliyobaki ilinunua seti ya nyuzi, tyuna ya kubana na waya mmoja mzuri, wenye jeki za chuma zinazofunguka, ili ukikatika tuuchomee wenyewe. Pedali hakununua hata moja. Kwenye daladala alishikilia gitaa mapajani mpaka Tabata, mfuko akiwa ameuzungushia mikono yote miwili.

Jumapili aliweka simu yake kwenye benchi la mwisho. Usiku akanitumia ile sauti. Kuna mtoto analia karibu na simu, kuna mtu anafungua pipi, na nyuma ya hao wote kwaya, na chini ya kwaya besi, noti moja moja, hata ile Eb. Kwenye kiitikio cha tatu alipotea kwa mistari miwili hivi. Nilikuwa naandika kumweleza, ujumbe wake ukatangulia kuingia: "Dada, pale kwenye kiitikio nimesikia. Nilifungua na pikapu ya nyuma mpaka mwisho."

Jumapili hii simu anaiweka tena, upande wa kina mama.